Jiwe Halifi: Sanaa ya Ardhi na Mbingu Hapa Kwetu



Majuzi tulikuwa na mkutano wa vijana hapa Voi. Ajenda ilikuwa moja tu: miche inayokufa. Wakati wa chai, kijana mmoja akatoa mfukoni ukurasa wa gazeti aliokuwa ameukunja. Palikuwa na picha ya mabomba manne makubwa ya saruji yamelazwa jangwani, na jua linachungulia katikati ya bomba moja. Chini yake iliandikwa kwamba hiyo ni kazi ya sanaa inayojulikana dunia nzima. Kijana akatuuliza, "Hii nayo ni sanaa? Kalavati kama hizi si ziko tele kando ya barabara ya Mombasa?"

Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Tulirudi tukasoma na kuulizana, na tukaona kwamba swali lile halikuwa mzaha hata kidogo. Linagusa mapango ya wazee wetu milimani, na linagusa hata hiyo miche yetu. Ndiyo sababu tumeona vyema kulijibu katika kurasa hizi.

SANAA YA KUSIMIKA NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno sanaa, tunafikiria kitu cha kubeba: kinyago, picha ya ukutani, au kikapu cha mkonge kama vile wanavyosuka kina mama wa Kasigau. Unakinunua, unaenda nacho nyumbani, basi. Lakini iko sanaa nyingine ambayo haibebeki. Msanii huchagua mahali, hupanga vitu pale, na anayetaka kuiona ni lazima aende mwenyewe. Tunaweza kuiita sanaa ya kusimika, kwa maana vitu husimikwa mahali pake kama nguzo ya nyumba.

Sanaa hii ina sehemu tatu. Kwanza ni mahali penyewe, pamoja na udongo wake, upepo wake na anga lake. Pili ni vitu vilivyopangwa. Tatu ni wewe unayefika na kutembea katikati yake. Ukiondoa moja, kazi imeharibika.

Tuchukue zile kalavati. Ziko katika jangwa la Utah, Marekani, na aliyezipanga ni mama mmoja aitwaye Nancy Holt, kati ya mwaka 1973 na 1976. Kila moja ina urefu wa mita tano na nusu hivi, na mtu mzima anaweza kusimama ndani bila kuinama. Hazikutupwa pale ovyo. Jua huhamahama: mwezi wa Juni huchomoza upande wa kaskazini kidogo, na Desemba upande wa kusini. Kalavati zile zimeelekezwa ili katika siku hizo za mwisho wa safari ya jua, mapambazuko na machweo yaonekane barabara katikati ya bomba. Tena zimetobolewa matundu juu kwa kufuata mpangilio wa nyota. Mchana jua likiwaka, unasimama ndani gizani huku vidoa vya mwanga kama nyota vimelala miguuni pako. Kumbe mtu anaweza kuteremsha mbingu kwa saruji tu!

Mfano mwingine utawafurahisha wakulima. Mwaka 1982, msanii Agnes Denes alipanda ngano katika ekari mbili za ardhi katikati ya jiji la New York, karibu kabisa na maghorofa ya mabenki. Kwanza vifusi na takataka viliondolewa, udongo ukaletwa kwa malori, mifereji ikachimbwa kwa mkono. Ngano ikaota, ikakomaa, ikavunwa. Watu wa mjini walisimama na kushangaa: shamba, hapa? Na hilo ndilo alilotaka, kwamba watu waulize kwa nini kiwanja kina bei kubwa hivyo na bado duniani kuna watu wenye njaa. Baada ya mavuno shamba liliondoka, lakini swali likabaki.

HATA KWETU IPO, ILA HATUKUIITA HIVYO

Hebu sasa tugeukie milima yetu. Wazee wa Kitaita walikuwa na fighi, vichaka vya miti mikubwa vilivyowekwa wakfu ili kulinda jamii. Mtu hakuruhusiwa kukata kuni humo wala kuingia apendavyo. Wazee maalum ndio waliovitunza. Hakuna aliyesema hiyo ni sanaa, lakini angalia: mahali pamechaguliwa, mipaka imewekwa, na kila apitaye hubadilisha mwendo na sauti.

Halafu kuna mapango ya mafuvu. Mtu alipofariki alizikwa kwanza kaburini. Baada ya muda, fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa chini ya mwamba wa ukoo, likapangwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Ukifika leo kwenye baadhi ya mapango hayo utayaona yamepangwa safu, mwamba juu yake kama dari, na mbele yake bonde zima na anga. Wenyewe walikuwa wanapanga ukoo. Mtoto aliyepelekwa pale alijua ametoka wapi, na kwamba siku moja nafasi yake iko.

Wamisionari Waanglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Watu walipobatizwa walianza kuzika moja kwa moja, na desturi ya kuhamisha mafuvu ikakoma polepole. Wengi wetu tuliolelewa kanisani tulifundishwa kupita mbali na mapango yale, na wengine tuliambiwa tuyaonee haya. Hatuandiki haya ili tufufue ibada ya zamani. Lakini kumwombea marehemu ni jambo jema katika imani yetu, na kuheshimu mifupa yake si dhambi. Kuacha desturi ni jambo moja, na kuacha mahali pa wazee pawe jaa au duka ni jambo lingine.

"KWANI SI NI MIFUPA TU?"

Tunasema duka kwa sababu tuna kisa. Miaka michache iliyopita kijana mmoja kutoka milimani alifika ofisini kwetu akiwa na mawazo. Msafiri mmoja alikuwa amemwomba amwonyeshe pango. Akamwonyesha. Akapewa pesa kidogo, na akaahidiwa nyingi zaidi kama angeleta "moja tu" ndani ya mfuko. Kijana hakuleta, lakini hakulala pia. Akatuuliza, "Kwani si ni mifupa tu? Karo ya mdogo wangu ingelipwa."

Sisi tulionyamaza tulikuwa watu wa diploma. Aliyejibu alikuwa nyanya mmoja aliyeketi pale akingoja barua yake. Alimwambia, "Mjukuu wangu, na wewe ukifa utakuwa karo ya nani?"

Kijana akainamisha kichwa. Karo ile ilichangwa baadaye kwa njia nyingine, haba na haba. Lakini tuseme ukweli: si kila kijana hupita ofisini kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa namna hii humwacha mwenyeji na ugonjwa. Wazazi, waambieni watoto kwamba mambo haya yana sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, na kuviondoa bila kibali ni kosa.

Jirani zetu Wamijikenda wameonja uchungu huu zaidi yetu. Wagiriama huchonga vigango, nguzo za mti mgumu, na kuzisimika kwa kumbukumbu ya wazee wa chama cha Gohu. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Kinaachwa pale pale kiliwe na jua, mvua na mchwa. Lakini wanunuzi waliviona kuwa ni mapambo mazuri ya sebuleni, na mamia yakang'olewa na kuvushwa ng'ambo. Mwaka 1985 mzee mmoja aliibiwa vigango viwili vya ndugu zake. Vilikuja kuonekana miaka mingi baadaye katika makumbusho mawili tofauti huko Marekani. Kimoja kilirudishwa kwa jamaa zake mwaka 2007, lakini mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Kule ng'ambo kigango kilikuwa kimesafishwa, kimewekewa taa na kuandikwa jina. Hakuna aliyekidharau. Lakini kilikuwa kimekatwa na udongo wake, na watu waliokijua hawakuwepo. Sanaa ya kusimika ikiondolewa mahali pake, kinachobaki ni mti tu. Na fuvu likitoka chini ya mwamba wa ukoo, kinachobaki ni ule mfupa alioutaja kijana wetu.

MAWE YA TURKANA

Msomaji anaweza kudhani kwamba watu wa zamani walisimika vitu kwa ajili ya wakubwa tu, machifu na matajiri. Basi asikilize habari za Lothagam, karibu na ziwa Turkana. Wafugaji walioishi huko kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita walijenga jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi, wakachimba shimo kubwa katikati, na kusimika mawe marefu ya volkeno. Matokeo ya uchunguzi yaliyochapishwa mwaka 2018 yanakadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa humo. Walikuwemo wanaume, wanawake, wazee na watoto, hata wachanga, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake. Wataalamu hawakuona dalili ya bwana mkubwa aliyezikwa peke yake. Nyakati hizo mvua zilikuwa zimepungua na ziwa linarudi nyuma. Katika shida hiyo, wafugaji wanaohamahama walijijengea mahali pamoja pa kukutania.

Si mbali sana na hapo, Kalokol, kuna mawe mengine 19 yaliyosimama. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe, na husimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuka mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliandika kwamba mawe hayo yameelekezwa kwenye nyota fulani za kuhesabia miezi. Wengine walipokwenda kupima upya walipinga: mawe yenyewe yana sumaku, na dira ikiwekwa karibu hudanganya. Ubishi huo una faida yake. Unaonyesha kwamba mawe yaliyosimikwa na watu wasiojua kuandika bado yanawafanya wasomi wainue macho kutazama angani.

RUNDO LA MAWE LA KASSEL

Sasa tunarudi kwenye miche, kama tulivyoahidi.

Katika mji wa Kassel, Ujerumani, hufanyika maonyesho makubwa ya sanaa kila baada ya miaka mitano. Mwaka 1982 msanii Joseph Beuys hakuleta picha wala sanamu ya kawaida. Aliagiza mawe 7,000 ya volkeno, marefu kama nguzo fupi, yakamwagwa rundo mbele ya jumba la makumbusho. Watu wa mji walikasirika. Uchafu gani huu? Masharti yake yalikuwa haya: jiwe haliondoki rundoni mpaka mtu apande mti, kisha jiwe husimikwa kando ya mti huo. Jiwe moja, mti mmoja. Wanaotaka rundo liishe, wapande.

Ilichukua miaka mitano. Beuys mwenyewe alifariki mwaka 1986 kabla kazi haijaisha. Mti wa 7,000 ulipandwa mwaka 1987, na mwanawe ndiye aliyeupanda. Mwanzoni jiwe lilikuwa refu na mche ulikuwa mdogo. Leo miti imekuwa mikubwa na mawe yanaonekana madogo pembeni mwake.

Na msidhani mji ule ni wa Wazungu peke yao. Mwaka 2022 vijana wa Wajukuu, kikundi cha wasanii kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru jijini Nairobi, walialikwa kwenye maonyesho hayo hayo. Walilifunika lango la ukumbi kwa mabati ya kutu kama ya mtaani kwao, wakatengeneza njia nyembamba yenye giza kwa mfano wa manyatta ya Kimaasai, na kila mgeni akalazimika kupita humo. Mwaka huo walipewa tuzo ya Arnold Bode. Hawakwenda na kitu cha kuazima. Walikwenda na kile walichokijua.

TUNAWEZA KUFANYA NINI VOI?

Tuseme wazi yanayotuuma. Kila mwaka tunapanda miche. Mgeni wa heshima anakuja, tunapiga picha, tunaimba, tunakula. Kisha mvua inakatika, mbuzi wanapita, na ikifika Agosti hakuna anayeweza hata kuonyesha mche wake ulikuwa wapi. Aibu hiyo haina mwenyewe, kwa sababu shimo limefukiwa na upepo.

Mche ukifa hauachi alama. Jiwe halifi. Wazo letu kwa vikundi na jumuiya ni kujaribu mpango wa Kassel kwa namna ya Kitaita. Hatua ni hizi:

1. Kila nyumba ilete jiwe moja kutoka shambani kwake, la kubebwa na mtu mmoja au kwa toroli. Mawe yawekwe rundo mahali panapoonekana na kila mtu: penye shule, sokoni au uwanja wa kanisa. Rundo ndilo deni letu.

2. Chagueni miti inayofaa sehemu yenu. Huku chini kwenye joto kuna mkwaju, mbuyu na mukau. Kule juu milimani, ambako misitu ya asili kama Ngangao, Chawia na Mbololo imebaki vipande vipande, tafuteni miche ya kienyeji na muulize ofisi ya misitu kabla ya kupanda.

3. Pandeni mvua za vuli zikishika, kwa sababu huku kwetu ndizo za kutegemewa zaidi. Chimbeni shimo mapema, wekeni samadi, na acheni kisahani cha kukinga maji.

4. Jiwe lisimikwe kando ya mche siku ile ile, na lipakwe alama ya nyumba kwa udongo mwekundu. Udongo wetu ndio unaowafanya ndovu wa Tsavo wawe wekundu, kwa hiyo rangi hatununui. Mvua ikiifuta, mwenyewe arudi kupaka. Akirudi kupaka ataona pia kama mche una kiu.

5. Mche ukifa, jiwe lirudi rundoni. Hii ndiyo kanuni kubwa. Asifokewe mtu. Rundo litasema lenyewe.

Wengine watauliza, faida ya kupanga mawe ni nini wakati watu wana njaa na ndovu wanamaliza mahindi? Swali hilo ni halali. Tunawajibu kwa mfano wa Sagalla. Huko wakulima wamening'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Waya ukiguswa mizinga hutikisika, nyuki hutoka. Ukiitazama safu ile ya mizinga jua linapotua, ni nzuri kuliko mapambo mengi. Shamba linalindwa, asali inavunwa, na jicho nalo linapata haki yake. Kazi ya mikono ikipangwa kwa akili mahali pake, faida na uzuri havigombani.

MAMBO YA KUANGALIA

Msichukue hata jiwe moja kutoka kwenye fighi, mapango au makaburi ya zamani. Waulizeni wazee mipaka iko wapi.

Ardhi ni ya mtu. Pateni ruhusa kabla ya kusimika chochote, na iandikwe.

Msizibe mapito ya ndovu wala njia za maji ya mvua.

Mgeni akitaka kupiga picha rundo au miti, karibu sana. Akitaka kununua jiwe, mwambieni ni la nyumba fulani na bado lina kazi.

KWA KUMALIZIA

Yule kijana wa gazeti tumeshamjibu. Tulimwambia: ndiyo, kalavati zile ni sanaa, kwa sababu aliyezilaza alijua jua linachomoza wapi na akataka wewe pia ujue. Za barabara ya Mombasa zinapitisha maji tu, na hiyo pia ni kazi njema. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi hata nyanya yangu alikuwa msanii. Alijua jua linatokea nyuma ya jiwe gani." Tulimtuma akamuulize nyanya huyo, na jiwe la kwanza la rundo letu litoke hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Taja mahali pamoja katika kijiji chenu ambapo wazee waliheshimu. Leo pako katika hali gani?

2. Miche mliyopanda mwaka jana iko mingapi hai? Nani anajua?

3. Kijana akiahidiwa pesa ili alete kitu cha kale, jumuiya yenu imemwekea njia gani nyingine ya kupata karo?

4. Mkiambiwa mlete jiwe moja moja, mtaliweka rundo wapi ili kila mtu alione akipita?